GIMP 3 kwa picha za sanaa ya pop: bure kabisa, ila itakutoa jasho

Nasema mapema kwa wale wasiofika mwisho: GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ni ya bure, inatengeneza picha za sanaa ya pop vizuri kuliko apu yoyote ya simu niliyowahi kugusa, na itakuudhi. Yote matatu ni kweli. Kama wataka kubonyeza mara moja ukapate picha ya status kabla tuktuk haijafika Buxton hapa Mombasa basi hii si yako, endelea na simu tu, lakini kama wataka kitu cha kuprinti ukakitundika sebuleni kwa mamako na wageni waulize nani kafanya, kaa hapa.

Nazungumzia zile picha za uso mmoja umerudiwa mara nne au mara tisa, kila mmoja na rangi zake, huku njano na waridi, kule buluu na chungwa, nywele nyeusi ti. Siku hizi kila mtu azitaka, maharusi, watu wa birthday, vinyozi wazitaka ukutani, wenye tuktuk wazitaka nyuma, na kila mtu ana binamu anayesema atakufanyia kwa simu dakika mbili. Huyo binamu ndo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Wajua aliyezifanya zijulikane dunia nzima ni Andy Warhol wa Marekani, na ukielewa alichokuwa akifanya kwa mikono yake nusu ya kazi umeshamaliza. Marilyn Monroe alifariki mwezi wa nane 1962, na mwaka huohuo Warhol akachukua picha yake moja ya kutangazia sinema, akaihamisha kwenye skrini ya hariri, yaani kitambaa cha kuchapia kinachopitisha wino, akapaka rangi bapa, rangi moja tupu isiyo na vivuli, kwenye turubai kwanza, uso waridi, nywele njano, kope buluu, halafu ndo akapitisha wino mweusi wa ile picha juu. Ukiangalia vizuri rangi haikai sawasawa na mistari, mdomo umetoka nje kidogo, nywele zimevuka mpaka, na ndo utamu wenyewe. Moja ya Marilyn zake, ya 1964, iliuzwa New York 2022 kwa dola milioni 195, sasa we endelea kusema hata mtoto anaweza.

Basi shika hapo: rangi bapa chini, wino mweusi juu. Hakuna kingine. Apu nyingi za simu hazifanyi hivo, zenyewe huchukua picha yako na kuigeuza rangi tu juu kwa juu, kila doa la picha linabaki palepale na vivuli vyake vyote ila sasa ni zambarau, yaani unapata picha ya kawaida iliyoingia homa. Ndo maana zote zinafanana. Harusi ya Kisauni na birthday ya Likoni, uso tofauti, picha moja.

Halafu kuna hili la ngozi, ambalo sijui kwa nini watu hawalisemi. Ili upate ule wino mweusi, programu lazima iamue: hapa paeusi, hapa peupe, hakuna katikati. Apu za simu zinazojaribu hilo hukata katikati kabisa ya mwanga na giza na hazikuulizi. Mtu mweupe wa pe akikatwa hapo uso wote unabaki mweupe, macho na mdomo vinaandikika safi. Sasa mlete babu yangu mimi. Uso wake wote uko upande wa chini ya katikati kwa hivyo apu inamfanya mweusi mzima, yabaki meno na kofia. Nimeona watu wamelipia hizo picha wallahi, wanasema inapendeza, nawaangalia tu.

Kwenye GIMP kazi hiyo iko menyu ya Colors, inaitwa Threshold, na inakupa mchoro wa mwanga wa picha yako pamoja na kishale cha kusogeza mwenyewe. Ukikisogeza kushoto uso unaanza kufunguka, kwanza paji, halafu mashavu, halafu ule mstari wa pua, na kuna mahali unafika unasema simama, ndo huyu! Mahali hapo si pamoja kwa kila mtu na hakuna mashine inayopajua, unapajua wewe kwa sababu unamjua mtu. Mara nyingi uso na nguo havitaki kukatwa sehemu moja, uso ukikaa vizuri shati limepotea, kwa hivyo nakopi leya mbili (leya ni matabaka ya picha yanayokaa moja juu ya jingine), moja naikata kwa ajili ya uso, nyingine kwa ajili ya nguo, halafu nafuta nisichokitaka kwa kila moja. Ni kazi ya dakika chache ukishazoea, lakini ndo tofauti yote kati ya picha ya mtu na doa la wino.

Ujanja mwingine ambao watu wengi hawaujui: kabla ya Threshold, tia ukungu kidogo wa Gaussian Blur, piseli mbili tatu tu kwa picha ya kawaida. Kingo zitatoka laini kama zimekatwa na wembe badala ya zile zenye vidotividoti. Na hapa ndo toleo la 3.0 lililotoka mwezi wa tatu 2025 limenifanya nirudi kwenye hii programu, manake zamani ukishaweka filta imeshaungua ndani ya picha, umekosea rudi nyuma uanze upya, sasa hivi filta inakaa juu ya leya bila kuungua ndani yake, unaibonyeza tena unaibadilisha, ukungu uongeze, kata usogeze, na picha ya asili iko chini haijaguswa. Kwa kazi ya namna hii ambayo ni kusogezasogeza tu mpaka jicho liridhike, hiyo peke yake yatosha kuidaunlodi.

Ukishapata wino wako mweusi, unaiweka hiyo leya ya juu kwenye modi ya Multiply. Maana yake peupe panapotea panaonyesha cha chini, peusi panabaki. Halafu unafungua leya tupu chini yake na unaanza kupaka kama Warhol: mandharinyuma rangi moja, uso rangi moja, nguo rangi moja, mdomo, basi. Usifuate mistari kwa makini sana. Nasema tena usifuate, na ukimaliza sogeza leya ya rangi kidogo kushoto ili isikae sawa kabisa na wino, itaonekana imepigwa kwa mkono.

Sasa wenzangu wa pwani, mavazi yetu yanajua kufurahisha na kuudhi kwa kazi hii. Buibui ni zawadi kutoka mbinguni. Kitambaa cheusi chote kinageuka umbo moja kubwa jeusi, uso unatokea ndani yake, nyuma unatia waridi kali au njano, hiyo picha hata usifanye kitu kingine imeshakuwa. Kanzu ni balaa. Kanzu nyeupe inakatwa yote inakuwa peupe, na peupe kwenye Multiply ni tundu, kwa hivyo bwana harusi anabaki kichwa na kofia vinaelea kwenye rangi ya nyuma, mwili hakuna. Dawa yake ni kuipakia kanzu rangi yake chini, nyeupe ukitaka au hata kijani maji, na kuacha vivuli vya mikunjo ya kola na mkono viandikike, ambavyo utavipata ukiikata nguo kwenye leya yake kama nilivosema juu, safari hii kishale unakipeleka kulia. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono ndo tamu kuliko zote, vile vitundu vinatoka vyenyewe, sijawahi kuhitaji kuvigusa.

Rangi sasa. Watu wengi hapa ndo wanapoanguka, wanafungua lile duara la rangi wanachagua kila kinachong'aa. Mimi nina njia yangu na naitoa bure: nenda Biashara Street uangalie leso. Leso ni kazi ya watu walioishi na rangi bapa chache tangu enzi za mababu, pindo, mji na jina, rangi mbili tatu nne na zote zinasikizana, na hawakusubiri mtu wa New York awafundishe. Wenye umri wanaikumbuka ile leso ya 2008 ya Hongera Barack Obama, uso wa mtu katikati, rangi chache, maandishi chini, hiyo kama si sanaa ya pop ni nini? Basi piga picha leso unayoipenda, ifungue kwenye GIMP, chukua kile chombo cha kunyonya rangi, bonyeza kwenye leso, rangi imekuja, ipake. Ukitaka nyuso nne tumia leso nne. Mteja akiuliza rangi mbona zinapendeza hivi we nyamaza tu.

Zile doti za katuni, za Roy Lichtenstein, msanii mwingine wa pop wa Marekani, ziko pia. Nenda Filters, Distorts, Newsprint, unachagua ukubwa wa doti na mwelekeo wake. Usiziweke picha nzima, weka kwenye uso tu au kwenye mandharinyuma tu, na ziwe kubwa kiasi cha kuonekana, manake doti ndogo ukiprinti zinakuwa uchafu. Lichtenstein mwenyewe alizitoa kwenye magazeti ya katuni ya bei rahisi ambako zilikuwa njia ya kubana wino, yeye akazikuza mpaka zikawa ndo picha. Mimi sizitumii sana, zinachosha haraka, lakini kwa vijana wa manyanga, zile matatu zilizopambwa, zinafaa.

Haya, maudhi.

La kwanza, ukitaka kuhifadhi picha ukibonyeza Save inakupa faili la XCF ambalo hakuna duka la kuprinti hapa mjini litalifungua. Ukitaka JPEG au PNG lazima uende Export. Kuna sababu yake, XCF inabaki na leya zako zote, lakini kila ninayemfundisha ananiuliza hilohilo, kila mmoja. La pili, kuchora duara la kawaida tu hakuna kitufe chake, unachagua eneo la duara kwanza halafu unalijaza rangi, na ukitaka liwe mstari mtupu ni safari nyingine. La tatu ni kwamba menyu ni nyingi mno, programu ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley na nadhani kila mtu aliyepita tangu hapo aliacha kitu chake, kama nyumba ya urithi Mji wa Kale, vyumba vingi na hujui funguo ya kipi iko kwa nani. Utazoea vile unavyovihitaji, ambavyo kwa kazi hii havizidi kumi, vingine achana navyo.

Photoshop je? Ni nzuri, nani atabisha, lakini tangu 2013 Adobe waliamua ni kulipia kila mwezi, na kwa mtu anayefanya picha tatu za harusi kwa msimu hesabu haiingii. Na zile kopi za wizi kwenye flashi, virusi vyake vitakugharimu zaidi ya hiyo pesa. Wasiokuwa na laptopu yao wanaokwenda saiba, kuna Photopea, inafunguka ndani ya brauza, inasoma mpaka faili za Photoshop, ina Threshold na ina Multiply, matangazo pembeni basi. Kwa kuanza inatosha kabisa. Ninachopendea GIMP juu yake ni kwamba ukishaidaunlodi mara moja huhitaji bando tena, stima ikikatika laptopu ina chaji wewe unaendelea na kazi yako.

Nije kwenye picha yenyewe ya kuanzia manake programu haifanyi miujiza. Selfi iliyopigwa na taa ya mbele haifai, taa imefuta vivuli vyote na kazi hii ni vivuli tu. Selfi iliyolainishwa na simu ndo mbaya zaidi, ngozi imekuwa plastiki hakuna cha kukata. Msimamishe mtu pembeni ya dirisha au mlangoni saa kumi jioni, mwanga utoke upande mmoja, basi. Lakini picha bora kuliko zote kwa kazi hii, na hili naliapia, ni zile za zamani za studio za wazee wetu. Nyeusi na nyeupe, taa zimepangwa na mtu anayejua, bibi amekaa upande na miwani na pozi lake. Mombasa tulikuwa na wapiga picha wa studio wa kweli, kina N. V. Parekh, watu walikuwa wanakwenda wamejipamba, wanachagua pozi, na nyingi ya picha za namna hiyo ziko mpaka leo kwenye masanduku ya nyumba zetu zinaliwa na unyevu. Itoe, ipige picha kivulini karibu na dirisha bila flashi au iskani kama unapata skana, na inakatika kwenye Threshold kama iliumbwa kwa ajili hiyo. Zile zimenifanyia kazi vizuri kuliko picha za simu za juzi.

Na ukitumiwa picha kwa WhatsApp mwambie mtu akutumie kama dokyumenti si kama picha, ikitumwa kama picha inabanwa na kwa saizi ya A3 itakuonyesha. A3 kwa kuprinti vizuri inataka kama piseli 3508 kwa 4961, ndo ile hesabu ya 300 kwa inchi. Habari njema ni kwamba mtindo huu unasamehe, unaweza kuikuza kabla ya Threshold, na ukishakata na kupaka rangi bapa haitalia kama picha ya kawaida.

Kuprinti ndo mahali nilipopata presha. Kuna duka moja katikati ya mji, silitaji, nilipeleka picha ya waridi kali na kijani cha limau, ikarudi waridi ya dawa ya kuharisha na kijani cha mchicha uliolala, halafu jamaa ananiambia ndo ilivo kwa faili. Ana nusu ya haki. Skrini inatoa rangi kwa mwanga na printa inatoa kwa wino, kuna rangi za mwanga ambazo wino haufiki, hasa hizo zinazowaka. Nusu nyingine ya haki ni yangu, manake angeweza kunionyesha kipande kidogo kwanza. Siku hizi nadai kipande cha majaribio kabla ya saizi kamili, anayekataa namuaga. Na hapa ndo leso inanisaidia tena, rangi zilizotoka kwenye kitambaa kilichochapwa hazikupi mshtuko mkubwa zikirudi kwenye wino.

Kwa tisheti uliza kwanza kitambaa. Sablimesheni, ile ya kuhamisha rangi kwa joto, inataka polista na rangi nyeupe au ya kupauka, ukipeleka pamba itafifia. Pamba mpelekee mtu wa skrini, na utamwona anafurahi, kwa sababu kila rangi inataka skrini yake na wewe umemletea picha ya rangi nne zilizokwisha kutenganishwa kwa leya, badala ya picha ya harusi yenye rangi elfu. Ya ukutani usiitundike inapopigwa na jua la mchana, jua letu halina adabu.

Nani asiitumie? Mwenye haraka, na mwenye simu peke yake. Na mtu anayetaka picha ipendeze kama filta za urembo asijisumbue kabisa, sanaa ya pop haipambi mtu, inakata na kuacha, kuna mteja alilia kwa nini mikunjo ya mamake imeandikika na mimi nilidhani ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye picha ile. Tulielewana, nikamfutia miwili.

Jambo la mwisho kwa wanaouza. Mtu akikuletea picha ya msanii au mchezaji aliyoitoa intaneti, fikiri kidogo, kuigeuza rangi hakukufanyi uwe mwenye picha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya wakfu wa huyohuyo Warhol, kwa sababu ya picha ya mwanamuziki Prince aliyopigwa 1981 na Lynn Goldsmith, Warhol akaifanyia haya mambo yetu na wakfu baadaye ukaiuzia gazeti leseni. Saba kwa wawili, Goldsmith akashinda. Sheria ya kule si ya hapa, najua, lakini mimi mteja akija na picha ya mchezaji namwambia niletee ya babako.